Agosti mawingu yakiachia: kulinda migomba, mipapai na miche ya parachichi

Huku kwetu watu huogopa Juni na Julai kwa sababu ndipo masweta yanapotoka kabatini. Kwa mmea wa nchi za joto, usiku mbaya zaidi huja kipupwe kinapokaribia kwisha. Lile wingu zito linalolala juu ya Meru na Kilimanjaro hufanya kazi ya blanketi, yaani joto linalotoka ardhini hurudishwa chini. Agosti likianza kuachia, nyota zikaonekana zote na upepo ukatulia, joto hilo hupaa likapotea, na jani hupoa kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa kimo cha mtu kinaweza kuonyesha nyuzi 3, huku nyasi chini yake zimeshikwa na sakitu, ule umande ulioganda mweupe. Wakati huo miti mingi inakuwa imeshaanza kuchipua, na chipukizi ndilo huungua kwanza.

Moshi mjini, mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, hakuna haja ya hofu hiyo. Lakini kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi, kwa hiyo shamba la mita 1,800 lina baridi zaidi ya mjini kwa takriban nyuzi 6. Na mgomba haungoji sakitu ndipo uumie. Chini ya nyuzi 14 hivi ukuaji wake husimama. Mkungu unaotaka kutoka hukwama shingoni, vichane vikabanana. Menya ndizi iliyopigwa na baridi, uangalie upande wa ndani wa ganda: utaona michirizi ya kahawia, nayo haitaiva kwa rangi nzuri hata uifukie vipi. Mche mchanga wa parachichi ya Hass huanza kuungua karibu nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri. Mpapai ndio dhaifu kuliko yote, maana una kilele kimoja tu cha kukua na kikifa mara nyingi umepoteza mti.

Kabla ya kununua chochote, angalia shamba limekaaje. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka mtelemko kama maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia) na kutuama inapozuiwa. Ua wa masale (mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani) uliosongamana upande wa chini wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni bwawa la baridi. Punguza majani ya chini ya masale hayo kiasi cha nusu mita kutoka ardhini ili hewa ipite. Ua wa upande wa juu uache umesongamana, huo unaizuia isiingie. Mipapai na miche mipya isipandwe kwenye kibonde. Migrivelia mikubwa, ile miti ya kivuli, usiifyeke mwezi wa Mei kwa ajili ya kuni, kwa sababu matawi yake ndiyo paa la kihamba usiku.

Udongo ndio jiko lenu. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana kuliko mkavu, kwa hiyo ukiona anga linafunguka, mwagilia asubuhi au saa sita mchana, maji yaende ardhini na si kwenye majani. Hapa wengi tunakosea kwa nia njema: matandazo mazito yaliyo makavu huzuia jua lisipashe udongo, na usiku sehemu ya juu ya nyasi hizo inakuwa baridi kuliko udongo mtupu. Kwenye miche mifupi, sogeza matandazo nusu mita pande zote kwa wiki hizo za hatari. Kwenye shina la mgomba mkubwa yaache, yanalinda tunguu, yaani shina lililo ardhini linalotoa watoto.

Sasa kufunika. Simamisha fito nne kuzunguka mche, ziuzidi kwa shibiri moja, kisha tandaza juu shuka kuukuu, gunia au mifuko ya salfeti iliyofumuliwa na kushonwa pamoja. Kitambaa kifike chini na kizibwe kwa mawe, kwa sababu joto linatoka udongoni. Ukifunga kwenye shina kama mwavuli, umelifungia joto nje. Nailoni peke yake haifai ikigusa majani: kila jani lililogusana nayo huamka limeungua. Funika saa kumi na moja jioni, udongo ungali na joto, na ufunue jua likishapiga vizuri, kama saa mbili na nusu asubuhi. Nailoni iliyosahaulika hadi saa sita huua kwa joto mche uliopona baridi.

Ndani ya kifuniko weka dumu la lita 20 lililojaa maji, ambalo limeshinda juani. Maji hayo yakipoa kwa nyuzi 10 hutoa joto sawa na balbu ya wati 25 iliyowaka kwa muda wa saa 9. Kwa mche mmoja, hicho si kidogo.

Moshi wa majani mabichi, ambao wengi huusifia, hauzuii joto kupaa. Unachopata ni macho mekundu. Kunyunyizia maji alfajiri nako ni hatari ukianza bila kumaliza. Maji yanayoganda hutoa joto, lakini yanayokauka huchukua mara saba na zaidi ya kiasi hicho, hivyo pampu ikizimika saa kumi na moja alfajiri umeuongezea mmea baridi.

Mbolea za naitrojeni kama urea na CAN tusiweke baada ya Aprili kwenye miti michanga ya ukanda wa juu. Hutoa majani laini yenye maji mengi, na hayo hayavumilii kipupwe.

Kama sakitu imeshapiga, panga ikae ndani. Majani yaliyokauka bado yanaufunika mti kwa usiku unaofuata, tena wiki ya kwanza huwezi kujua ufu umeishia wapi. Subiri wiki nne hadi sita. Kisha kwangua gome kwa ncha ya kisu kuanzia juu ukishuka. Ukikuta kahawia, endelea kushuka. Ukikuta kijani kibichi chenye unyevu, kata kidogo juu yake. Kwenye mparachichi uliobebeshwa (Hass iliyounganishwa juu ya shina la kienyeji), kijani kikipatikana chini ya kiungo tu, kitakachochipua ni mti wa kienyeji, kwa hiyo andaa kikonyo (kijiti) cha Hass cha kubebesha upya. Mgomba ulioungua majani tu utarudisha jani jipya kutoka katikati. Ukiona hilo jani la katikati linang'oka kwa kuvutwa kidogo na linanuka, kata shina hilo karibu na ardhi na umwachie nafasi mtoto wake.