Saa ya Alice Dunnigan na kamera yangu kwa mangi

Enzi naandikia gazeti kutoka hapa Moshi nilikuwa nalipwa kwa stori, hakuna cha mshahara, na stori yenyewe ikitoka ndo inahesabiwa, isipotoka imekula kwako, nauli yako, bando lako na jua lako la Kiboriloni vyote vimeenda na maji. Sasa kuna wikiendi nilikuwa naenda kwa mangi wa dukani pale mtaani Majengo naweka kamera bondi, ananipa elfu ishirini, hela ya gazeti ikiingia naikomboa. Mangi wala hakuwa na maswali. Anaifunga kwenye rambo anaipandisha juu kabisa nyuma ya maboksi ya sabuni, basi. Nimeshawahi kukosa picha ya moto sokoni kwa sababu kamera iko nyuma ya sabuni, na hii sijawahi kumwambia mhariri wangu mpaka leo.

Kwa hiyo juzi usiku nasoma habari za Alice Dunnigan, nafika pale wanaposema kila Jumamosi alikuwa anapeleka saa yake ya mkononi rehani ili apate hela ya kula mpaka Jumatatu malipo yaingie, nikaweka simu chini nikacheka peke yangu kama kichaa. Huyu ndo mwanamke mweusi wa kwanza kupewa kibali cha kuripoti Ikulu ya Marekani, jamani. Katikati ya wiki yuko kwenye mkutano mmoja na Rais Truman, Jumamosi yuko kwa mangi wa Washington.

Nikienda kwenye vimakala vya "wanawake waliofungua njia" huwa nakuta kakaa kwenye mstari mmoja tu, wa kwanza hivi, wa kwanza vile, na picha yake kavaa kofia. Sawa. Ila mimi nataka kujua nauli alitoa wapi.

Alizaliwa 1906 karibu na Russellville, Kentucky, baba yake analima shamba la watu kwa kugawana mavuno, mama yake anafua nguo za watu. Akiwa na miaka 13 tu akaanza kuandika vihabari vya sentensi moja moja kwenye gazeti la Owensboro Enterprise. Hapo ungesema tayari mtoto kapata njia yake, lakini hapana, akaenda kuwa mwalimu, kwa miaka 18 anafundisha shule za watoto weusi huko huko Kentucky, na vitabu vya shule havikuwa na mtu mweusi hata mmoja wa Kentucky aliyefanya la maana, kwa hiyo akawa anawaandikia wanafunzi wake makaratasi yeye mwenyewe. Yale makaratasi yalikuja kuwa kitabu 1982, fikiria amekaa nayo muda gani.

Mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo na shule zikifungwa haulipwi kabisa. Kuna likizo moja alikuwa anaosha mawe ya makaburi kwenye makaburi ya wazungu, afu masaa manne kwa siku yuko kwenye kazi ya maziwa ya ng'ombe, afu anasafisha nyumba ya familia moja, afu usiku anafua nguo za familia nyingine. Vyote hivyo kwa pamoja vinampa kama dola saba kwa wiki. Makaburi ya wazungu aisee, yani hata kaburi lake mwenyewe lisingeruhusiwa kuwa pale lakini mikono yake inaruhusiwa.

Nilimsomea mama hiki kipande. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, miaka yote ile ya likizo alikuwa anachuma kahawa kwa watu ili sisi tupate yunifomu. Akasema "huyo ni mwalimu kweli", akanyamaza.

1942 akaenda Washington kuwa karani wa kupiga taipu serikalini wakati wa vita, usiku anasoma Chuo Kikuu cha Howard. Vita vilipoisha akaingia Associated Negro Press, shirika la habari la Chicago lililokuwa linauzia stori magazeti ya watu weusi nchi nzima, akawa ndo ofisi yao ya Washington. Bosi wake Claude Barnett hakuwa na imani naye, akamlipa chini ya wanaume. Na hapa ndo panaponiuma, maana ukisikia mwandishi mweusi kanyanyaswa miaka ya arobaini unajua tu ni wazungu, kumbe mlango wa kwanza kumfungia ulikuwa wa ofisini kwake. Alipotaka kibali cha kuingia jukwaa la waandishi bungeni, Barnett akamuuliza, tumehangaika miaka yote kumwingiza mwanaume imeshindikana, sasa wewe mwanamke unadhani utaweza vipi? Akaweza. 1947 akapata. Ikulu nayo ikafuata.

Halafu treni. 1948 Truman anapanda treni kwenda magharibi mpaka California, waandishi wanaenda naye, na kila mwandishi gazeti lake ndo linamlipia. Barnett akakataa kutoa hela. Alice akaenda kukopa akajilipia mwenyewe. Mimi nimeshawahi kukopa nauli ya koasta kwenda Arusha kwenye mkutano wa marais wa Afrika Mashariki nikaona nimefanya ushujaa, huyu kakopa kuzunguka nusu ya Marekani.

Huko Cheyenne, Wyoming, waandishi wanatembea nyuma ya msafara, ofisa wa jeshi akamwona mweusi katikati yao akamsukuma arudi kwa watazamaji, mpaka mwandishi mwenzake akaingilia kati. Baadaye Truman mwenyewe akaja kwenye kibehewa chake kumwambia kasikia alipata shida, kukitokea kingine aseme. Na pale Missoula, Montana, treni inafika usiku wa manane, wanafunzi wamekuja stesheni, Truman anatoka na nguo za kulalia anazungumzia haki za raia. Waandishi wengine walikuwa wamelala! Alice alikuwa macho, akaituma na kichwa cha habari kinachosema rais aliyevaa pajama atetea haki za raia usiku wa manane. Ukishajilipia nauli hulali, nakwambia.

Enzi za Eisenhower, rais aliyemfuata Truman, ndo zilikuwa mbaya. 1953 kwenye mazishi ya Seneta Taft wakamkalisha na watumishi ili aandike stori yake. Mimi pia siku moja Arusha niliwahi kuambiwa nikakae kwenye hema la madereva kwa sababu jina langu halikuwa kwenye listi, na kusema ukweli pale nilikula vizuri na nikapata stori nzuri kuliko ya ukumbini, ila yangu ilikuwa listi tu, kesho yake jina likaingia. Yake ilikuwa ngozi, haiongezwi kwenye listi. Maswali ya Alice kuhusu ubaguzi yalimkera Eisenhower, wasaidizi wa rais wakamtaka Alice awe anapeleka maswali kwanza wayaone, kitu ambacho wengine hawakuambiwa, mwisho rais akawa haangalii upande wake kabisa. Miaka miwili ananyoosha mkono, fikiria, mkono juu, chini, juu, chini, na kila mtu chumbani anaona.

Januari 1961 anaingia Rais Kennedy, kwenye mkutano wake wa kwanza na waandishi akampa nafasi mapema tu. Na Alice hakuuliza swali la kupendeza. Aliuliza serikali itafanya nini kuhusu wakulima wa Fayette County, Tennessee, watu weusi waliofukuzwa kwenye mashamba waliyokuwa wanalima kwa sababu walipiga kura, sasa wanaishi kwenye mahema. Yani mtoto wa mkulima wa shamba la watu, baada ya kunyamazishwa miaka miwili, anapata swali moja na analipeleka kwa wakulima wa shamba la watu. Mimi hapo ningeuliza kuhusu mimi mwenyewe.

Alifariki 1983, Washington.

Jana mama anamenya ndizi za mtori nikawa namalizia kumhadithia, nimefika kwa Kennedy, nimechangamka, mikono inaenda huku na huku. Mama akanikatisha.

"Na ile saa, aliikomboa?"

"Kila Jumatatu mama."

Akatikisa kichwa, akachukua ndizi nyingine.