Pesa imekatwa, muuzaji hajaona meseji: nilivyotatua

Jumamosi pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nilinunua sato wawili, nikalipa kwa lipa namba. Jina la biashara lilitokea sawasawa, nikaweka namba ya siri, pesa ikakatwa. Dada muuzaji akatazama kitochi chake, kioo kimeganda magamba ya samaki. "Kaka, kwangu haijaingia." Nyuma yangu wateja wameanza kuguna. Zamani ningelipa mara ya pili, na hapo ndipo wengi tunapoumia. Safari hii nilimsomea namba ya muamala, nikamwomba aangalie salio kwenye menyu badala ya kusubiri meseji. Pesa ilikuwemo! Kumbe meseji zilijaa kwenye simu. Tukafuta za zamani, ya kwangu ikaingia papo hapo.