Nauli si mchango: nilivyosawazisha bajeti ya usafiri wa wazee na watu wenye ulemavu

"Nauli mnazokusanya ni hela yenu, ziingizeni kwenye mchango." Huo ndio ushauri niliopewa nilipoandaa bajeti ya kwanza ya fedha za 5310, na bado nausikia ukipitishwa kwa wageni wa kazi hii. Ni ushauri mbovu. Niliufuata, bajeti ikarudishwa.

Fedha za 5310, zilizopewa jina kutokana na namba ya kifungu cha sheria, ni ruzuku ya serikali kuu ya Marekani kwa ajili ya usafiri wa wazee na watu wenye ulemavu, na hutolewa kupitia FTA, idara ya usafiri wa umma iliyo chini ya wizara ya uchukuzi. Asilimia 60 huenda kwenye maeneo ya miji yenye watu 200,000 na kuendelea, 20 kwenye miji midogo, 20 vijijini. Ukinunua gari au vifaa, serikali hulipa hadi asilimia 80. Uendeshaji, yaani mishahara ya madereva, mafuta na bima, ni hadi 50. Kinachobaki ni mchango wa ndani, na ndiko wengi tunakokwama.

Chukua huduma inayogharimu dola 100,000 kwa mwaka, nauli zikiwa 8,000. Nilichofanya mimi ni kuigawa 100,000 katikati: serikali 50,000, sisi 50,000, na ndani ya 50,000 zetu nikahesabu zile 8,000 za nauli. Nikajiona nadaiwa taslimu 42,000 tu. Kanuni inataka nauli ziondolewe kwanza, kabla ya kugawa chochote. Zinabaki 92,000, na hizo ndizo hugawanywa: 46,000 kwa 46,000. Pengo la dola 4,000 likabaki halina mlipaji, na kikao cha bodi kilikuwa kimeshapita.

Kilichoniokoa ni fedha za mkataba. Tulikuwa na kituo cha wazee kinachotulipa 30,000 kwa mwaka tuwabebe watu wake kwenda kliniki na chakula cha mchana. Mapato ya mkataba wa namna hii yana njia mbili, na unachagua mwenyewe. Ukiyahesabu kama mapato, unayatoa juu pamoja na nauli: zinabaki 62,000, serikali inatoa 31,000, na wewe unatafuta 31,000. Ukiyahesabu kama mchango, unagawa zile 92,000: serikali inatoa 46,000, mkataba unajaza 30,000 upande wako, unabaki kutafuta 16,000. Tofauti ni dola 15,000 kwa mabasi yaleyale na madereva walewale. Nilipoiona hesabu hiyo nilirudia kuijumlisha mara kadhaa nikidhani nimekosea.

Ila njia hii ina masharti. Gharama za kuwabeba watu wa mkataba lazima ziwe ndani ya ile 100,000. Huwezi kuleta hela ya mkataba ukaacha gharama zake nje. Dola ikishatumika kuchangia ruzuku moja haitumiki tena kwenye nyingine. Na uchaguzi wako uandike kwenye ombi tangu mwanzo, ukiambatanisha mkataba uliosainiwa. Fedha za serikali kuu zinazotoka nje ya wizara ya uchukuzi, kwa mfano malipo ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ya kumpeleka mgonjwa hospitali, zinakubalika kuwa mchango. Fedha nyingine za wizara hiyohiyo ya uchukuzi usizihesabu hapo.

Saa za madereva wa kujitolea nazo zinahesabika, lakini hazifanyi kazi kama watu wanavyodhani. Thamani yake inaingia pande zote mbili. Saa zenye thamani ya 5,000 zinaipandisha gharama hadi 105,000. Toa nauli, zinabaki 97,000, nusu yake ni 48,500. Upande wako sasa una 30,000 za mkataba na 5,000 za kujitolea, unabaki na 13,500. Kwa hiyo saa za 5,000 zimekupunguzia 2,500 tu. Si haba, lakini usiende kwenye bodi ukaahidi 5,000. Thamani ya saa iwe mshahara wa kawaida wa dereva anayelipwa kwa kazi ileile, na karatasi isainiwe siku ileile ya safari: tarehe, saa ya kutoka, saa ya kurudi, maili. Karatasi za mwezi mzima zilizosainiwa kwa kalamu moja siku moja, mkaguzi anazitambua kabla hajakaa.

Jambo jingine ambalo halikusemwa na yeyote aliyenishauri: mshahara wa mratibu wa usafiri, yule anayeunganisha watu na huduma zilizopo, huhesabiwa kama mtaji, yaani kundi moja na magari na vifaa. Analipiwa hadi 80, si 50. Vivyo hivyo huduma unayoinunua kwa mkataba kutoka kwa mwenye magari. Na kwa kuwa angalau asilimia 55 ya fedha za eneo lazima ziende kwenye miradi ya aina hii ya mtaji kwa wazee na watu wenye ulemavu, anayegawa fedha huwa anaitafuta. Huduma ya kununua itangazwe kwa ushindani wa kweli. Usimpe mtu unayemfahamu halafu utafute barua za bei baadaye.

Mradi wowote lazima uwe umo kwenye mpango wa pamoja wa usafiri wa eneo lenu. Mimi huandika namba ya ukurasa na pengo lenyewe kama lilivyotajwa, kwa mfano hakuna gari la lifti baada ya saa kumi na mbili jioni. Barua za kusifu shirika ziache.

Kuhusu magari, fuatilia lifti kuliko injini. Jukwaa lake lina upana wa inchi 30 na urefu wa 48 kwa kiwango cha chini, na lazima libebe pauni 600. Dereva aishushe na kuipandisha mzunguko mzima kila asubuhi kabla ya kutoka, bila mtu juu yake. Ikigoma, usiite fundi kwanza. Lifti nyingi hazipati umeme mpaka breki ya kuegesha ivutwe na mlango ufunguke kabisa, na swichi ndogo ya mlango hushika kutu, hasa barabara zikimwagwa chumvi wakati wa baridi. Isafishe, ijaribu tena. Kagua na mikanda minne ya kufungia kiti cha magurudumu: iliyochanika ukingoni au yenye mchanga kwenye kifyatulio ibadilishwe, haishonwi. Lifti ikilala wiki mbili, hesabu zako za safari zinaanguka, na hizo ndizo utakazoulizwa.

Safari huhesabiwa kwa mwelekeo mmoja. Mtu anayekwenda kusafishwa damu mara 3 kwa wiki ni safari 6 kwa wiki, 312 kwa mwaka. Nimeona ripoti iliyomwandika kama abiria 1, na huduma nzima ikaonekana haina kazi. Weka pia daftari la safari mlizokataa: tarehe, alikotaka kwenda, sababu ya kukataa. Ombi la mwaka unaofuata naliandika kutoka kwenye daftari hilo.

Mwisho kuna suala la hela mkononi. Unatumia kwanza, ndipo unarudishiwa, kwa hiyo uwe na akiba ya miezi miwili au mitatu ya uendeshaji, au zaidi ikiwa ofisi inayokulipa ni ya taratibu. Peleka madai kila mwezi hata kama ni madogo. Fedha za mgao hudumu mwaka wa mgao na miaka 2 inayofuata. Zisipofungwa kwenye mradi kufikia hapo, zinarudi. Kwenye kila dai mimi hubandika karatasi moja juu: gharama yote, toa nauli, baki, sehemu ya serikali, sehemu yetu na chanzo chake. Tangu nianze kuweka mstari wa "toa nauli" peke yake, hakuna dai la uendeshaji lililorudishwa.