Siku moja maishani mwangu: nyumba tatu, mkamuaji mmoja, na ugonjwa wa kiwele hapa Tanga

Saa 10 alfajiri

Naamka kabla ya adhana. Ng'ombe wengi wa hapa Tanga mjini wanakamuliwa alfajiri, nikichelewa nakuta ndoo imeshajaa na kiwele kimeshalegea, hapo hamna tena cha kupima. Masika imenyesha usiku kucha na mvua ikinyesha ivi mi nawaza mabanda tu, sakafu zinavyokuwa tope na mkojo na kinyesi alafu ng'ombe analala humo humo na chuchu zake. Kwenye begi nimeweka kibao cha vikombe vinne, chupa ya dawa ya CMT, ile ya kupimia ugonjwa wa kiwele bandani, spiriti, pamba, chupa ndogo za sampuli zilizochemshwa, dawa ya iodini ya kuchovya chuchu, na miguuni gambuti.

Mi ni mtaalamu wa mifugo, nimesoma hapa hapa chuo cha mifugo Buhuri. Wafugaji wa huku wanaogopa ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, na kweli inaua, ila kwa haya maziwa ya mjini kinachonikosesha usingizi ni ugonjwa wa kiwele, hasa ule wa kimya, ambao kiwele hakijavimba, maziwa meupe kabisa, ng'ombe anakula vizuri, na kila siku anakupungukia kidogo kidogo mpaka unazoea. Ule wa wazi wa kuvimba na mabonge kila mtu anaujua na ndo wachache. Wa kimya ndo wengi, kila mahali duniani wanapofuga ng'ombe wa maziwa ni ivo ivo.

Saa 11

Magaoni, kwa bibi mmoja mwenye ng'ombe wawili, Tausi na mtamba aliezaa uzao wa kwanza. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, karibu, angalia tope hilo. Alinipigia jana kwamba Tausi alikuwa anatoa lita 11 kwa siku saivi 7, chakula ni kile kile, matete na pumba na mashudu, na majirani wameanza kumwambia ni hasadi, mtu kamtazama ng'ombe wake kwa kijicho. Sikumbishia. Nilimwambia tu bibi tuanze na maziwa yenyewe.

Mkamuaji kafika na baiskeli, kijana wa miaka kama 20, hii nyumba ya tatu kwake tangu saa 9 usiku. Nikakaa pembeni nikamwangalia kwanza bila kusema, maana ukisema mapema mtu anakamua kama yuko kwenye mtihani. Ndoo moja ya maji, kitambaa kimoja, akamwosha Tausi kiwele kizima mpaka maji yanamchuruzika kwenye chuchu, kitambaa kikarudi kwenye ndoo, baadae kitambaa hicho hicho na maji hayo hayo kwa yule mtamba. Hakukausha. Akachovya vidole kwenye kopo la mafuta ya mgando, kopo hilo anatembea nalo nyumba zote. Anakamua kwa kuvuta na vidole viwili, gumba na cha shahada, sio kubana na kiganja kizima, na kuvuta ivo kunaumiza chuchu kwa ndani. Na mikono yake sasa. Imepasukapasuka kila mahali, mistari myekundu kwenye viungo vya vidole. Iliniuma kuiona.

Ila kabla hajaanza kukamua nilikuwa nimeshaomba nipime na vikombe vyangu. Maziwa ya kwanza mbili tatu unamwaga, alafu kila chuchu kikombe chake, kama mililita mbili, unaongeza dawa kiasi hicho hicho unazungusha taratibu. Dawa yenyewe asili yake ni kama sabuni, inapasua zile seli nyeupe za mwili zinazokuja kwenye kiwele kupigana na bakteria, vilivyomo ndani ya seli ndo vinafanya maziwa yagande kama uji. Kipimo kilibuniwa California mwaka 1957 na mpaka leo sijaona kitu cha bei rahisi kinachokishinda bandani. Tausi chuchu mbili za nyuma zikashikana, moja ikawa nzito kabisa kama ute wa yai. Mtamba zote nne zimebaki maji, yani nzima.

Bibi kainama na tochi yake ya simu akaangalia, akasema, "Mbona meupe mwanangu? Mi ningeyanywa haya." Ndo ivo bibi, nikamwambia, tungeyanywa wote.

Saa 12 na nusu

Duga, kwa mzee mstaafu, ng'ombe wawili. Mkubwa ana uzao wa tano, kiwele kimeshuka kinakaribia magoti, na chuchu moja imekufa, ngumu kama jiwe. Mzee anasema iliugua mwaka jana, alinunua sindano ya penisilini dukani, akachoma siku moja, uvimbe ukashuka, akaacha dawa. Hii naikuta sana na inanichoma moyo kila nikiikuta. Kuna bakteria wanaitwa stafilokokasi, wanajichimbia ndani ya nyama ya kiwele wanajijengea vijipu na dawa haiwafikii vizuri, ukiwapa dozi nusu unakuwa umewaonjesha tu, wao wanabaki na kiwele kinabadilika kuwa kovu. Robo hiyo ya kiwele hairudi tena.

Nikapima chuchu tatu zilizobaki, mbili zimeganda. Ng'ombe wa pili zimeganda mbili. Nikamuuliza mzee anaekamua nani, akanitajia yule yule kijana wa baiskeli.

Saa 2 asubuhi

Chai na vitumbua kibandani, daftari mezani. Kilichonijia kichwani nikakiandika kwa herufi kubwa: WANA MKAMUAJI MMOJA. Nikampigia mama mmoja wa Mwakidila ambae aliwahi kulalamika maziwa kukatika akichemsha, mama unakamuliwa na nani? Huyo huyo. Nikamwomba nije jioni.

Sikutaka kukimbilia kumhukumu mtu. Sababu za kiwele ni nyingi na zinashikana. Umri upo, ng'ombe akizaa mara nyingi kile kitundu cha chuchu kinalegea. Wiki za mwanzo baada ya kuzaa kinga inakuwa chini. Sakafu chafu, vidonda vya chuchu, kupe waliong'ang'ania kwenye kiwele, ng'ombe mwenye kiwele kirefu kujikanyaga. Ila kuna wadudu, yani bakteria, wa mazingira wanaotoka kwenye kinyesi na kuna wadudu wanaoishi kwenye kiwele chenyewe na kwenye ngozi, hawa wa pili hawatembei wenyewe, wanabebwa na mkono, kitambaa, na mafuta ya kopo. Ukiona ugonjwa wa kimya umesambaa ng'ombe kwa ng'ombe, nyumba kwa nyumba, tafuta kinachotembea kati ya hizo nyumba.

Saa 4

Kituo cha kukusanyia maziwa. Pale wanapima na spiriti na laktomita, kile kifaa cha kuangalia kama maziwa yametiwa maji, maziwa yanayoganda kwenye spiriti yanarudishwa. Leo wamerudisha dumu la mtu mmoja, kasimama nalo anatetemeka mdomo. Nimemwambia aje anieleze habari za ng'ombe zake mmoja mmoja, tumepanga kesho kutwa. Ila kipimo cha spiriti hakikamati kiwele cha kimya kila mara, na maziwa ya ng'ombe mmoja mgonjwa yakichanganywa kwenye ya wanne wazima yanapita bila mtu kujua.

Saa 6 mchana

Pongwe, simu ya dharura. Huku kesi nyingine kabisa: ng'ombe kazaa siku nne zilizopita, amelala, masikio ya baridi, kiwele upande mmoja kimevimba na cha moto, na ninachokamua sio maziwa ni maji ya njano. Banda lina mashimo yaliyojaa maji ya masika na kinyesi. Huyu ni mdudu wa mazingira, bakteria wa kinyesi anaeitwa E. coli ndo nnaemshuku kwanza, anakuja kwa nguvu na anaweza kuua ndani ya siku moja. Tumemwekea maji ya mshipani, dawa ya maumivu na homa, antibayotiki, na nimewaonyesha vijana wa pale kukamua ile robo kila baada ya saa mbili ili sumu itoke. Nimekaa mpaka saa 8 kasoro. Ameinua kichwa, kameza maji. Nimeondoka bado amelala na roho yangu imebaki kule.

Na maziwa ya ng'ombe yeyote aliepewa antibayotiki hayauzwi wala hayanywewi mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe, hili nimelirudia mara tatu mlangoni. Mama wa mtindi wanaijua hii bila kusoma popote: maziwa yenye dawa yanagoma kuganda, yanalala usiku mzima asubuhi ni yale yale. Na kuchemsha maziwa ya ng'ombe mgonjwa hakusaidii kama watu wanavyodhani, maana sumu ya baadhi ya stafilokokasi inavumilia moto, bakteria anakufa, sumu yake inabaki.

Saa 10 jioni

Mwakidila. Ng'ombe watatu. Wa kwanza chuchu tatu zimeganda, wa pili mbili, na huyu wa pili peke yake ndo ana mabonge unayoyaona kwenye kitambaa cheusi. Wa tatu safi zote nne. Nikamuuliza mama huyu ana nini cha tofauti, akasema ana teke, kijana hamuwezi, namkamua mwenyewe.

Nikakaa kimya kidogo hapo.

Kijana alipofika nikamwita pembeni ya banda. Nikamwambia mdogo wangu kaa tuongee. Ana nyumba tano, ng'ombe 11, mara mbili kwa siku, baiskeli, mvua jua. Hajawahi kufundishwa na mtu, alianza kwa kumsaidia mjomba wake na mjomba naye alikuwa anakamua ivo ivo. Nikamweleza nilichokiona nyumba tatu. Akaangalia mikono yake kwa muda mrefu, akaniuliza, "Kwaiyo ni mimi dada?"

Nilitaka kumdanganya aisee. Ila nikamwambia ukweli kama ulivyo: mikono yako inaonekana inabeba, sio kwa kupenda kwako, na hiyo mipasuko ndo wadudu wanapojificha, kwaiyo na wewe unaumia kama ng'ombe wanavyoumia, na mtu anaeweza kuuzima huu ugonjwa nyumba tano kwa mpigo ni wewe kuliko mimi.

Tukaanza pale pale kwa ng'ombe. Kwanza mikono na sabuni, kila ng'ombe, sio kila nyumba. Mama akaingia ndani akatoka na khanga ya zamani akaichana vipande, kila ng'ombe kipande chake, kinafuliwa kinaanikwa juani. Osha chuchu sio kiwele kizima, kausha. Maziwa ya kwanza kwenye kitambaa cheusi, angalia, kamwage mbali sio sakafuni. Kamua kwa kiganja, bana, usivute, hapa alichelewa kushika alafu mkono ukakubali, akacheka kwa mara ya kwanza. Kopo la mafuta likabaki kwake kwa ajili ya mikono yake akimaliza kazi. Mwisho chovya kila chuchu kwenye iodini, na mpe ng'ombe majani saa hiyo hiyo asimame, maana kitundu cha chuchu kinabaki wazi nusu saa mpaka saa nzima na zaidi, akilala kwenye tope ndo umemfungulia mlango adui. Na mpangilio: wazima kwanza, wagonjwa mwisho. Kama ndama yupo, anyonye baada ya kukamua, anamalizia yale yaliyobaki ndani. Yule mtamba wa bibi wa Magaoni ana ndama anaemnyonya na nadhani hicho pamoja na umri wake ndo vimemuokoa mpaka leo.

Nikachukua sampuli za chuchu zilizoganda, nimefuta ncha na spiriti, chupa kwenye barafu, kesho maabara ya mifugo waniambie ni mdudu gani na dawa gani inamuweza. Mwenye mabonge ataanza matibabu. Wale wa kimya wengine tutasubiri wakifika miezi miwili kabla ya kuzaa, tuwakaushe, yani tuache kuwakamua, tuwawekee dawa ya kukaushia kwenye chuchu zote nne, ndo wakati dawa inakaa muda mrefu na huna hasara ya kumwaga maziwa.

Saa 2 usiku

Daftari. Ng'ombe saba, chuchu 28, moja imekufa, nimepima 27, zimeganda 11. Kwa ng'ombe ni watano kati ya saba. Naandika kwa ng'ombe na kwa chuchu vilevile, maana mfugaji ukimwambia ng'ombe wako mgonjwa anawaza kuuza, ukimwambia chuchu zake mbili kati ya nne anawaza kuokoa. Nyumba tatu tu hizo na mkamuaji mmoja, siwezi kuisemea Tanga nzima. Zimebaki nyumba zake mbili za kesho. Pongwe wamepiga, ng'ombe kasimama, kala kidogo.

Saa 3 na robo kijana akapiga. Kapanga upya njia yake, Magaoni na Duga zimekuwa za mwisho, ila ana wasiwasi bibi anataka maziwa ya chai mapema na Tausi ndo huwa anaanza nae, afanyeje? Nikamwambia bibi nishaongea nae, chai yake itatoka kwa mtamba, na kipande cha khanga cha Tausi nimekifunga fundo usichanganye.