Kifini kwa sisi tunaokisoma kwa vitabu vya Kiingereza

Kifini nimekaa nacho muda sasa na vitabu vyote nilivyopata vimeandikiwa mtu anayefikiri kwa Kiingereza, na jamani hapo ndo nilipotezea muda mwingi. Wanaanza kwa kukutisha, eti nomino ina mikia 15, yaani viishio vya neno (wao wanaita kesi), eti hakuna "the" wala "a", eti hän ni mwanaume na pia ni mwanamke. Sasa hän si ni yeye tu? Huo ukurasa we ruka.

Kilichonifungua macho ni kukanusha. Kwa Kifini ile "hapana" yenyewe ndo inabeba mtu: en puhu, et puhu, ei puhu, emme puhu, ette puhu, eivät puhu. Vitabu vinakwambia hicho ni kitenzi cha peke yake, mi nikazisoma kwa sauti nikajikuta nazijibu: sisemi, husemi, hasemi, hatusemi, hamsemi, hawasemi. Ni mpango ule ule kabisa! Hata mwisho wa kitenzi unaguswa, sisi nasema inakuwa sisemi, wao puhun inakatwa inabaki puhu. Nilifurahi siku hiyo, nikarudia sentensi zote za nyuma upya.

Kuwa na kitu nako usihangaike kutafuta kitenzi chake, hakipo. Minulla on koira, yaani kwangu kuna mbwa, basi. Ila ukikana, mbwa anaota mkia mwingine: minulla ei ole koiraa. Hiyo a ya mwisho nimeisahau mara nyingi mno, andika hadi mkono uizoee.

Na hiyo a ndo roho ya sentensi yao kwa maoni yangu. Luen kirjaa, nasoma kitabu, niko katikati, sijamaliza. Luen kirjan, nakisoma chote hadi mwisho. Kitenzi hakijabadilika hata herufi moja! Kazi ambayo sisi tunaimaliza ndani ya kitenzi wao wanaiweka mwishoni mwa neno kitabu, ndo maana ukikariri vitenzi tu bila kuangalia kinachofuata hutoelewa mtu anasema nini. Rakastan sinua, nakupenda, nayo inachukua mkia wa ambacho hakijaisha. Nimeipenda sana hiyo.

Mahali ndo wametuzidi. Sisi nyumbani ni nyumbani, uko, unatoka ama unaenda, kitenzi kitajua chenyewe. Wao wanagawa mara tatu: olen kotona, tulen kotoa, menen kotiin. Hapa Kiswahili hakisaidii, ni kukaa na hizo tatu kila siku.

Halafu ukianza kusikiliza watu wakiongea usishtuke, minä olen inakuwa mä oon, minulla on inakuwa mulla on. Ni sentensi ile ile uliyosoma, imefupishwa tu.