Redio isiyolala

Yaani redio ya intaneti ikinyamaza usiku hakuna anayekustua, wasikilizaji wanaondoka tu kimyakimya, na hiyo ndo ilinifanya niache kuwasha Icecast, ile programu ya seva inayorusha sauti kwa wasikilizaji, kwenye dirisha la teminali (lile la kuandika amri) maana nilikuwa nikifunga dirisha tu na yenyewe inakufa. Saivi iko chinichini inasimamiwa na systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, nimeweka Restart=always, ikianguka inaamka yenyewe. Usiiwashe kama root, yule yuza mwenye mamlaka yote, itengenezee yuza wake, na ile paswedi ya mwanzo kwenye faili la mipangilio, hackme, ibadilishe kabla hujafungua poti 8000, mlango wanaopitia wasikilizaji, jamani hilo msilipuuze kabisa.

Anayeipelekea Icecast sauti ni Liquidsoap, programu ya kupanga vyanzo vya sauti, na hapo ndo penye utamu, matangazo ya laivu yakikatika inarukia plelisti bila msikilizaji kutupwa nje, siku ya kwanza nilichomoa waya kwa makusudi nikasikia wimbo umeingia wenyewe, nilifurahi mno.

Data nayo piga hesabu mapema, MP3 ya kbps 128 inakula kama MB 58 kwa saa kwa kila msikilizaji, wakiwa 100 kwa pamoja seva inatakiwa itoe karibu Mbps 13.