Siku moja maabara: nywele kwenye gazeti

Saa 11 alfajiri niko kituoni Mbagala, saa 1 na nusu nimeshavaa koti jeupe. Kazi yangu ni vinasaba (DNA), na ndugu zangu wanaamini nashinda nikipima mtoto ni wa nani na kuumbua akina baba. Jamani, mimi nashinda na damu ya watoto wenye sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Saa 2 natoa sampuli 24 kwenye friji, vichupa vya kifuniko cha zambarau. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hushangaa hapa: sikoseli inaharibu chembe nyekundu, lakini hizo ndizo tunazozipasua na kuzimwaga. Chembe nyekundu ya binadamu ikikomaa imeshatupa kiini chake kinachobeba vinasaba, na mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati vyenye vinasaba vyake, nazo hakuna, kwa hiyo vinasaba utavitafuta humo usivione. Viko kwenye chembe nyeupe. Mililita 1 ya damu ina nyekundu kama bilioni 5, nyeupe milioni chache tu. Nikishazungusha vichupa kwenye mashine na kumwaga, chini kinabaki kidoa cheupe mfano wa punje ya mchele, na mkono ukiteleza umekimwaga nacho. Ingekuwa damu ya kuku ningepumua. Chembe zake nyekundu zina viini.

Saa 4 mapokezi wakaniita.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu.” Akafungua gazeti taratibu. Ndani nywele za mtoto, kazitoa kwa kinyozi. Anataka kujua kama ni wake.

Nikamweleza kwamba hapa hatupimi hayo, na sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 inataka ombi lipitie panapotambulika, mahakamani au ustawi wa jamii. Hakuondoka.

“Kwani nywele si mwili?”

Ni mwili, mzee, ila hizi zimekatwa kwa mashine, mizizi imebaki kichwani. Chembe zenye viini ziko kule mzizini. Unywele wenyewe umekauka, na mara nyingi kinachosomeka vizuri ni vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtoto huvirithi kwa mama yake.

“Yaani hizi zinamtaja mama tu?”

“Mama tu.”

“Mama si namjua!”

Akatoa bahasha ya pili. Kucha. Nikarudi kwenye sheria, naye akarudi kwenye kucha, huku mashine ndani inapiga kelele kwamba imemaliza. Dakika 40 zilikwenda hivyo, na sikuweza kumkaripia, mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Mchana sikula. Umeme ulikatika, jenereta ikachelewa, nusu ya sampuli nikaanza upya. Ilikuwa saa ngapi nilipomimina spiriti baridi kwenye kichupa cha mwisho, sijui. Nilikipindua polepole, nyuzi nyeupe za vinasaba zikajikusanya kama ute wa yai. Mwaka wa sita huu, na bado nasimama kuziangalia.

Natoka getini, mzee yuko kwenye benchi la mlinzi, gazeti lake magotini.

“Mwanangu, hao ustawi wa jamii wanafungua saa ngapi?”

“Saa 1 na nusu, mzee. Hizo nywele ziache nyumbani.”

Akalikunja gazeti, akalitia mfukoni.